Akili mnemba yaingia kwenye hesabu za kitabu: Nani atabaki na faida?

WAANDISHI na wachapishaji wa vitabu wa Kanda ya Ziwa wanaweza kupunguza sehemu kubwa ya gharama ya kuandaa muswada kwa kutumia zana za akili mnemba, ambazo wengine huziita akili unde. Hata hivyo, hesabu zinaonyesha kuwa punguzo hilo haliwezi kuokoa kitabu ambacho hakina mnunuzi, na kwamba fedha nyingi zaidi huenda zikapatikana katika sehemu ya biashara ya vitabu ambayo wachapishaji wengi wa hapa nchini hawajawahi kuiandika kwenye mikataba yao.

Butimba ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Eneo hilo la Jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Nyegezi, lina Chuo cha Ualimu kinachojulikana kwa masomo ya sanaa na muziki. Mwendo mfupi kutoka hapo, Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambacho kilianza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Walimu, wanafunzi na wastaafu wenye miswada hawakosekani. Kinachokosekana ni mtaji, na mtu wa kuupokea muswada huo na kuufikisha dukani.

Ikumbukwe kuwa biashara ya vitabu ilikuwa na matumaini makubwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 serikali ilitangaza sera ya kuiachia sekta binafsi uchapishaji wa vitabu vya shule, na kampuni nyingi ndogo zikaanzishwa kwa kutegemea soko hilo. Mwaka 2013 mkondo uligeuka. Kamati iliyokuwa ikitoa ithibati kwa vitabu vya wachapishaji binafsi ilivunjwa, na kazi ya kutayarisha vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wachapishaji binafsi wakabakiwa na vitabu vya ziada, vitabu vya dini, riwaya, vitabu vya watoto na vile ambavyo mwandishi anajilipia mwenyewe. Hizo zote ni kazi za nakala chache, na kwenye nakala chache kila shilingi ya maandalizi huonekana.

Hesabu ya nakala 1,000

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Butimba mwenye muswada wa kurasa 120 ulioandikwa kwa mkono. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mfanyabiashara aweke bei anazozijua mwenyewe.

Tuseme kuuandaa muswada huo, yaani kuuchapa kwenye kompyuta, kuuhariri, kusoma prufu, kupanga kurasa na kutengeneza jalada, kunagharimu Sh. 3,000,000/=. Kupiga chapa kunagharimu Sh. 2,500/= kwa nakala, hivyo nakala 1,000 ni Sh. 2,500,000/=. Jumla ni Sh. 5,500,000/=, na kila nakala inasimama kwa Sh. 5,500/=.

Bei ya dukani ni Sh. 8,000/=. Mwenye duka anachukua asilimia 35, inabaki Sh. 5,200/=. Mrabaha wa mwandishi wa asilimia 10 ya bei ya dukani ni Sh. 800/=, inabaki Sh. 4,400/=. Kwa hesabu hiyo mchapishaji anapata hasara ya Sh. 1,100/= kwa kila nakala hata kama zote zitauzwa. Ili arudishe fedha zake alipaswa kuuza nakala 1,250, naye amechapa 1,000.

Sasa aingize zana za akili mnemba. Tuseme anaokoa Sh. 500,000/= kwenye kuchapa muswada, Sh. 400,000/= kwenye prufu za awali na Sh. 450,000/= kwenye kupanga kurasa na kuandika maelezo ya jalada na matangazo. Analipia huduma hiyo kwa miezi mitatu. Huduma kadhaa kubwa, ikiwemo ChatGPT, zimekuwa zikitoza dola 20 za Marekani kwa mwezi kwa mtumiaji wa kawaida anayelipa, ambazo kwa kiwango cha Sh. 2,500/= kwa dola ni Sh. 50,000/=. Miezi mitatu ni Sh. 150,000/=. Akiba halisi inakuwa Sh. 1,200,000/=.

Gharama yote inashuka hadi Sh. 4,300,000/=, sawa na Sh. 4,300/= kwa nakala. Hasara ya Sh. 1,100/= imegeuka kuwa faida ya Sh. 100/=. Anahitaji kuuza nakala 978 ili asidaiwe.

Hapo pana mambo mawili. La kwanza ni kwamba akiba hii inamsaidia zaidi mdogo kuliko mkubwa. Mchapishaji wa nakala 5,000 anayeokoa kiasi hicho hicho cha Sh. 1,200,000/= anapata nafuu ya Sh. 240/= tu kwa nakala, ilhali wa nakala 1,000 anapata Sh. 1,200/=. Ni mara chache teknolojia mpya kumpendelea mwenye mtaji mdogo kiasi hicho. La pili halifurahishi. Kuuza nakala 978 kati ya 1,000 ni kazi ngumu kweli kweli, na mashine haijawahi kubeba boksi la vitabu hadi Sengerema.

Wenye kumbukumbu wanajua ni nini hasa kiliwahi kulitatua tatizo hilo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 kati ya 5,000 alizochapa na kuzigawa kwenye maktaba za shule. Mchapishaji aliingia kiwandani akijua zaidi ya nusu ya mzigo tayari ina mwenyewe. Hakuna programu ya kompyuta inayotoa uhakika wa namna hiyo.

Kazi ambazo mashine inazimudu

Kazi ya kwanza ni kuutoa muswada kwenye karatasi. Kurasa zilizopigwa taipu zikipigwa picha kwa simu yenye kamera nzuri huweza kugeuzwa kuwa maandishi ya kompyuta kwa muda mfupi. Mwandiko wa mkono una matatizo zaidi, na wino uliofifia una matatizo makubwa, lakini kurekebisha makosa ni nafuu kuliko kuchapa upya kurasa zote. Mzee asiyeweza kuandika anaweza pia kusimulia kwenye simu na sauti yake ikageuzwa kuwa maandishi, ingawa zana za kazi hiyo hukosea Kiswahili mara nyingi zaidi kuliko Kiingereza, na hukosea zaidi pale msimuliaji anapochanganya Kisukuma au Kijita.

Kazi ya pili ni ile inayowachosha wahariri wengi, ya kukagua uwiano. Mhusika aliyeitwa Mashaka ukurasa wa 12 asigeuke Mashauri ukurasa wa 80. Kijiji kiandikwe kwa namna moja. Tarehe zisipingane. Mashine haichoki kwa kazi hii, na ikipewa sura moja moja badala ya kitabu kizima hufanya vizuri zaidi.

Ya tatu ni maandishi ya biashara yenyewe: maelezo ya nyuma ya jalada, barua kwa wenye maduka, maelezo mafupi ya orodha ya vitabu, tangazo la redio la nusu dakika, barua ya Kiingereza kwa wauzaji wa ng'ambo. Mchapishaji mdogo mara nyingi huziruka kazi hizi kwa sababu hana mtu wa kuzifanya, na kitabu kisicho na maelezo hakiuziki nje. Hapa inafaa kukumbuka African Books Collective, umoja uliofanyizwa na wachapishaji wa Kiafrika mwaka 1989 kwa ajili ya kuuza vitabu vyao Ulaya na Marekani, ambao siku hizi huchapa nakala kwa kadiri ya maagizo. Kwa utaratibu huo maelezo mazuri ya kitabu ndiyo duka lenyewe, kwa kuwa mnunuzi wa huko haoni rafu wala haligusi jalada.

Ya nne ni sauti. Kampuni ya Microsoft ina sauti za kompyuta zinazosoma Kiswahili cha Tanzania, moja ya kiume iliyopewa jina la Daudi na nyingine ya kike iliyopewa jina la Rehema. Kwa kitabu cha ufugaji wa kuku au mwongozo wa kilimo cha mpunga sauti hizo zinatosha. Kwa riwaya bado, maana msomaji wa Kiswahili anategemea mtu ajue wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kunyamaza. Anayetaka riwaya isikike vizuri amtafute mtangazaji wa redio.

Mjomba au baba mdogo?

Tafsiri ndiyo kazi inayosifiwa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji tahadhari kuliko zote. Kiswahili kimo kwenye huduma ya tafsiri ya Google tangu mwaka 2009, na zana zilizofuata baada ya ChatGPT kutoka mwezi Novemba 2022 zimeongeza ubora kwa kiasi kikubwa. Sentensi nyingi hutoka salama. Zinazoharibika ni zile zenye mali ndani yake.

Mathalani, Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Mashine ikikutana nalo hupenda kuandika "mjomba". Katika kisa cha kugombea shamba au mtumbwi wa marehemu, tofauti kati ya mjomba na baba mdogo ndiyo kisa chenyewe, na msomaji wa Magu au Misungwi atakitupa kitabu kabla ya kufika sura ya tatu. Ukitafsiri kwenda Kiingereza hutokea kinyume chake. Kiswahili hakitaji kama daktari aliyefika ni mwanamume au mwanamke, na mashine hubuni: daktari humfanya mwanamume, muuguzi humfanya mwanamke, bila kumuuliza mwandishi.

Hata vipeperushi vya biashara havikusalimika. "Dagaa" wa Mwanza hutafsiriwa mara kwa mara kwa jina la Kiingereza la samaki wa bahari wa jamii nyingine kabisa. Dagaa wa Ziwa Viktoria, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, ni wa ukoo wa samaki waitwao karpi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ndio wenye undugu na wale wa baharini. Mfanyabiashara wa Kirumba Mwaloni anayetuma karatasi ya bidhaa kwa mnunuzi wa nje yenye jina la samaki asiyemuuza anajitafutia mzozo wa mzigo.

Mashine hizi pia zina tabia ya kujibu kwa uhakika hata pale zisipojua. Zikiombwa methali hutoa methali ambazo hakuna bibi aliyewahi kuzisema. Zikiombwa shairi la vina na mizani huhesabu vibaya. Zikiombwa historia ya mtaa hutaja miaka ya kubuni. Aidha, huchanganya Kiswahili cha Nairobi na cha Dar es Salaam katika aya moja. Ndiyo maana kwenye hesabu ya hapo juu fungu la mhariri halikuguswa. Mchapishaji atakayelikata ataokoa fedha mwezi huu na kurudishiwa vitabu mwezi ujao.

Kitabu kilichongoja miaka 35

Kuna mfano kutoka ziwa hili hili unaosaidia kupima mashine inaweza nini na haiwezi nini. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Ilimlazimu akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mtunzi alifariki mwaka 1981. Kijerumani kilipata tafsiri yake katika miaka ya 1990, na tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002.

Kati ya miaka hiyo 35, zana za leo zingepunguza mingapi? Kuchapa na kusafisha muswada, pengine miezi mingi ingeokolewa. Tafsiri kutoka Kikerewe, karibu hakuna. Mashine hujifunza lugha kwa maandishi mengi, na Kikerewe kina maandishi machache mno. Kisukuma chenyewe, chenye wasemaji mamilioni, kiko nyuma sana ya Kiswahili kwa maandishi yaliyomo kwenye kompyuta. Mwezi Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye huduma yake ya tafsiri, Kijaluo kikiwemo, jambo lenye faida kwa watu wa Rorya na Kisumu. Lakini kujua majina ya pombe, dawa za miti na adabu za ukweni za Ukerewe ya zamani kulimtaka mtu aliyekulia humo.

Na ile sehemu kubwa ya kungoja, ya kumpata mtu wa kukubali kutia fedha kwenye kitabu kisicho na soko la shule, mashine isingeigusa kabisa. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972 hadi 1990 na kisha kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, yumo kwenye historia hiyo kama mtu aliyeamua kuchapa. Uamuzi huo ndio biashara ya uchapishaji.

Mwana wa Ukerewe mwingine, Euphrase Kezilahabi, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Jay Boss Rubin, ilitoka Marekani mwaka 2025, yaani miaka 54 baadaye na miaka mitano baada ya mtunzi kufariki. Kwa upande mwingine, Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Zote mbili ni kazi za watu waliokaa na kitabu kwa muda mrefu. Mchapishaji anaweza kutumia mashine kutoa rasimu ya sura mbili za kumwonyesha mnunuzi wa haki wa London au Frankfurt, ili angalau ajue kitabu kinahusu nini. Huo ni utumiaji wa maana, na gharama yake ni ndogo.

Mabondo ya kitabu

Wavuvi wa Mwanza wanakumbuka wakati ambapo mabondo ya sangara yalitupwa au kuuzwa kwa bei ya chini pamoja na mabaki mengine, minofu ikiwa ndiyo mali. Baadaye wanunuzi wa China wakajitokeza, na leo kilo ya mabondo makavu inauzwa kwa bei ambayo minofu haiwezi kuisogelea. Waliokuwa wakiyatupa ndio waliochelewa kujua.

Vitabu navyo vina mabondo yake. Kampuni zinazotengeneza akili mnemba huzifundisha mashine zao kwa maandishi, na maandishi yaliyohaririwa vizuri, yaani vitabu, yana thamani kwao. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Informa, inayomiliki wachapishaji Taylor & Francis wa Uingereza, ilitangaza mkataba na Microsoft wenye malipo ya awali ya dola milioni 10. Mwezi Novemba mwaka huo ilifahamika kuwa HarperCollins ilikuwa ikiwapa waandishi wake nafasi ya kukubali au kukataa vitabu vyao vitumike kwa miaka mitatu kwa malipo ya dola 5,000 kwa kitabu, nusu ya mwandishi na nusu ya mchapishaji.

Kubwa kuliko yote ni shauri lililofunguliwa California mwaka 2024 na waandishi watatu wa Marekani dhidi ya kampuni ya Anthropic. Mwezi Juni 2025 jaji aliamua kuwa kuifundisha mashine kwa vitabu vilivyonunuliwa kihalali kuliruhusiwa na sheria ya huko, lakini kupakua na kuhifadhi nakala kutoka maktaba za wizi za intaneti hakukulindwa na sheria hiyo. Mwezi Septemba 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, ikiwa ni kama dola 3,000 kwa kila kitabu kati ya vitabu karibu 500,000.

Dola 3,000 kwa kiwango kile kile cha Sh. 2,500/= ni Sh. 7,500,000/=. Mwandishi wa kitabu cha Sh. 8,000/= anayepata mrabaha wa Sh. 800/= angelazimika kuuza nakala 9,375 ili afikie kiasi hicho, na kama bei ya kitabu ni Sh. 5,000/= angehitaji nakala 15,000. Hata baada ya kugawana na mchapishaji wake, ni fedha ambazo waandishi wengi wa Kiswahili hawajawahi kuziona kwa kitabu kimoja.

Lakini kuingia kwenye orodha ya kulipwa kulihitaji kitabu kiwe na nambari ya utambulisho ya vitabu, na pia kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya muda uliowekwa. Kwa wingi wa vitabu vya Afrika Mashariki, sharti la pili lilifunga mlango. Sheria ya Tanzania, kama zilivyo nyingi duniani, humpa mtunzi haki yake bila usajili, na mtunzi wa hapa hakuwa na sababu ya kufikiria ofisi iliyoko Washington. Sasa anayo. Mchapishaji mwenye vitabu vinavyouzwa nje afanye hesabu ya ada ya usajili huo dhidi ya uwezekano wa malipo ya baadaye, kwa vitabu vichache vyenye jina, si kwa stoo nzima.

Nani ni mtunzi?

Suala jingine ni umiliki wa kilichotengenezwa na mashine. Mwezi Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliamua, kuhusu kitabu cha picha kiitwacho Zarya of the Dawn, kuwa maandishi na mpangilio wa mwandishi vinalindwa lakini picha zilizotolewa na mashine hazilindwi. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufani ya huko ilithibitisha kwamba mtunzi anayetambuliwa na sheria lazima awe binadamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inamweleza mtunzi kuwa ni mtu aliyeiunda kazi.

Kwa mchapishaji wa vitabu vya watoto hili ni suala la fedha. Picha za mashine ni rahisi, lakini mshindani akizinakili na kuziweka kwenye kitabu chake, aliyetangulia anaweza kukosa pa kusimamia. Isitoshe, picha hizo mara nyingi humchora mvuvi wa Ukara akiwa kwenye jahazi la Pwani. Wachoraji wa Mwanza wapo, na mchoro wa mtu una mwenyewe mbele ya sheria.

Wachapishaji wa nje wameshaonja upande wa pili wa urahisi huu. Mwezi Februari 2023 jarida la hadithi la Marekani, Clarkesworld, lilisimamisha kupokea miswada baada ya kufurikwa na hadithi zilizoandikwa na mashine. Mwezi Septemba mwaka huo Amazon iliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila mwandishi anayejichapishia, na kuwataka waseme iwapo maandishi yametolewa na mashine. Vitabu vitatu kwa siku ni kikomo kinachochekesha, lakini kinaonyesha hali ilivyokuwa kabla yake.

Hapa Mwanza mafuriko hayo yatakapofika yataanzia kwenye vijitabu vya maswali na majibu ya mitihani, kwa sababu ndivyo rahisi kuvitoa na ndivyo vinavyonunuliwa. Kijana mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi anaweza kutoa kijitabu usiku mmoja na kukiweka mezani asubuhi, makosa yakiwa ndani. Bei za vijitabu vya aina hiyo zitashuka. Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuuweka huko mwaka huu afikiri mara mbili. Jina la mwalimu anayejulikana kwa wanafunzi wake, kwa upande mwingine, litapanda thamani, maana mzazi atataka kujua ni nani aliyeyasahihisha majibu.

Kuhusu usiri wa miswada, huduma nyingi za bure huweza kuyatumia maandishi ya mteja kuifundisha mashine, isipokuwa pale anapozima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Mchapishaji anayeweka humo riwaya ya mtu mwingine kabla haijatoka anagawa mali isiyo yake. Inafaa mwandishi aulizwe kwanza, na jibu lake liandikwe.

Mikataba mingi ya zamani ya Kiswahili ilitaja haki za redio, tamthilia, tafsiri na magazeti, kisha ikaishia hapo. Haki ya kukitumia kitabu kuifundishia mashine haimo. Kwa vitabu vipya, kifungu kinachotosha kinaweza kuwa cha mistari minne: haki hiyo ni ya nani, haiuzwi bila idhini ya mwandishi kwa maandishi, malipo yanagawanywa vipi, na inadumu miaka mingapi. HarperCollins waligawana nusu kwa nusu kwa miaka mitatu, na hapo ni pa kuanzia mazungumzo. Kwa vitabu vilivyokwisha kutoka, mwandishi na mchapishaji watahitaji kukaa tena mezani, na pale mwandishi alipofariki wa kukaa naye ni warithi wake. Mwandishi wa Butimba aliyetoa kitabu katika miaka ya 1990 anaweza kuanza kwa kuutafuta mkataba wake kabatini na kuangalia ni nani aliyetia saini upande wa pili, kwa sababu baadhi ya kampuni za wakati huo zimekwisha kufungwa, na haki za kitabu huenda zilishamrudia mwenyewe bila yeye kujua.